Namba ya Majaribio

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako goti limempa nafuu, na uziwi wangu uko palepale nilipouacha, haupandi wala haushuki. Wasiwasi ni juu yako, maana mtu akishinda kutwa mbele ya kompyuta hata kula anasahau.

Barua yako ya mwezi wa kwanza tumeisoma mara tatu. Mama yako alifurahi kusikia umekuwa mkuu wa kitengo. Alinikaribia sikio la kushoto, hili lenye uhai kidogo, akauliza kitengo cha nini. Nikamwambia cha wingu. Akasema basi mvua ikichelewa tunajua pa kulalamika.

Jambo moja dogo. Ile simu uliyoninunulia ukaisajilia laini kwa jina lako inatetemeka mfukoni kila mara siku hizi. Kuna watu wanataka kuniuzia friji. Nitaweka nini kwenye friji mimi? Vidole vitatu vilivyobaki mkono wa kulia haviwezi kubofya zile herufi za sisimizi, la sivyo ningewajibu wakome. Kalamu naiweza, ndiyo maana wewe unapata barua na wao hawapati kitu.

Nieleze vizuri hiyo kazi ya wingu. Watu wananiuliza nabaki natabasamu kama niliyeelewa.

Baba yako

16 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake pia na umwambie mvua si idara yangu. Mimi mzima, usingizi tu ndio adimu.

Kazi yenyewe ni hivi. Vituo vya afya vina mafriji ya dawa. Ndani ya kila friji tumeweka kifaa cha kupima joto, na kipimo kinatumwa kwenye programu yetu. Hiyo programu haikai ofisini kwetu, iko kwenye kompyuta za kukodi huko mbali, ndizo zinazoitwa wingu. Joto likizidi nyuzi nane, mtunza dawa wa kituo anapata meseji akimbie kuokoa dawa.

Sasa programu ni moja kwa vituo vyote. Kinachotofautiana tumekiweka pembeni, kwenye orodha: jina la kituo, joto la mwisho, nywila, namba ya simu ya kupelekea meseji. Tunaviita vigezo. Orodha hizo ndizo kazi yangu. Kituo kipya kikija nanakili orodha iliyopo, nabadilisha vinavyobadilika, naiwasha, basi. Mwezi uliopita nilimaliza cha kumi na moja, cha mwisho, na bosi akanipa mkono mbele ya watu.

Hao wa friji ni matapeli, Baba. Futa tu, usisome hata.

Binti yako

30 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Na wewe lala, kazi haiishi bali mtu ndiye huisha.

Nimekuelewa kuliko ulivyodhani. Kwani ile mashine ya kusaga niliyokuwa nikiendesha si ilikuwa hivyohivyo? Mashine moja, chekeche ndiyo unabadilisha. Ya matundu madogo kwa unga wa watu, ya matundu makubwa kwa chakula cha kuku. Mashine haijui anayesagiwa ni nani. Asubuhi moja nilisahau chekeche ya kuku, nikamsagia mama mmoja debe zima, akarudi na sufuria yake kunionyesha uji wenye changarawe. Nikamsagia upya mbele ya watu wote nikiwa nimeinamisha kichwa. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, niliipapasa chekeche kwa mkono. Sikuiangalia kwa macho, niliipapasa. Wewe unazipapasa vipi hizo za kwako?

Hao matapeli wamezidi. Nafuta kama ulivyosema, ila mimi siwezi kutupa maandishi kabla ya kuyasoma, hivyo kwanza nanakili kwenye daftari. Nimefika meseji ya kumi na tisa. Zote ziko hivi: "TAHADHARI. KITUO 11. FRIJI 2. NYUZI 13. FIKA HARAKA." Nyingi zinakuja mchana, nadhani ndio muda wao wa kazi. Mbona bei hawaandiki?

Mama yako anauliza utakuja lini.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Nisamehe kwa kukaa kimya. Mimi si mzima, na tafadhali barua hii Mama asiione.

Kituo cha kumi na moja wamefariki wanawake wawili. Mmoja tarehe pili, mwingine tarehe tano. Wote walijifungua salama, watoto wapo, ila damu ilikataa kukoma. Walichomwa sindano ya kuzuia damu, na sindano haikufanya kitu. Dawa ile hukaa kwenye baridi. Ilikuwa imeiva humo ndani ya friji kwa wiki kadhaa, maana umeme wa pale hukatika karibu kila mchana.

Mtunza dawa amekamatwa. Ni mama wa makamo, ana miaka kumi na tisa kazini. Wanasema ni uzembe, kwa sababu rekodi zetu zinaonyesha alitumiwa meseji arobaini na moja na zote zilifika. Yeye anaapa hakupata hata moja. Anarudia neno hilohilo na hakuna anayemwamini. Rekodi hizo nilizichapisha mimi, nikatia saini chini ya kila ukurasa.

Baba, juzi nilitoa barua yako ya Machi nikaisoma mpaka mwisho. Mara ya kwanza niliishia kwenye chekeche, nikacheka, simu ikaita, barua nikaiweka kwenye droo.

Nilipokuwa najaribu mfumo nilihitaji namba yoyote ya kweli. Yako ndiyo pekee niliyo nayo kichwani. Nikaiweka kwenye orodha ya majaribio. Nilipounganisha kituo cha kumi na moja nilinakili orodha hiyo, nikabadilisha kila kitu isipokuwa namba. Nilikuwa na haraka. Namba kwenye mfumo huonyeshwa kwa nyota, ni siri, kwa hiyo ukiangalia huwezi kujua ni yako au ya mwingine. Unaona nyota tu, unaamini.

Hakuna anayejua. Siwezi kuibadilisha sasa, maana kila badiliko linaandikwa jina la aliyebadilisha na saa, na wataniuliza kwa nini nimegusa namba ya kituo hicho wakati huu.

Baba, lichome lile daftari. Na meseji zote zilizobaki kwenye simu, zifute. Nakuomba kama mtoto wako.

Binti yako

1 Juni

Mwanangu,

Salamu. Sisi tupo.

Sikulichoma.

Mama yako sijamwambia. Ananiuliza kwa nini sili, namwambia tumbo. Miaka thelathini na minne ya ndoa na bado anajifanya kuniamini.

Wewe unajua vidole vyangu vilikatwa na mkanda wa mashine. Kuna sehemu sikuwahi kukusimulia. Kinga ya mkanda ilikuwa imefunguliwa na fundi siku moja kabla, akaenda zake bila kuirudisha. Wenye mashine waliandika kwenye ripoti kwamba nilikuwa nimelewa. Mimi, ambaye pombe naijua kwa harufu ya wenzangu. Fundi alikuwepo wakiandika. Alikuwa ameshika kofia yake, anaangalia sakafu. Vidole nilivisahau ndani ya mwaka, mtu huzoea. Lile neno "mlevi" sijalizoea hadi leo, na kanisani kuna watu wanaonipa mkono wakinusa.

Huyo mama naye sasa ni "mzembe". Anaapa na anasema kweli, na wanaojua kwamba anasema kweli duniani ni wawili, mimi na wewe.

Halafu kuna hili. Meseji bado zinakuja. Tarehe ishirini na sita saa nane mchana, nyuzi 12. Tarehe ishirini na nane, nyuzi 14. Jana, nyuzi 11. Sizifuti tena. Mimi ni kiziwi, siwezi kumpigia mtu, na nimwambie mtu nini? Kuna mwanamke mwingine huko leo tumbo liko mbele, anafua nguo, hajui.

Kukiri ni kazi kubwa, nakubali, nakupa nafasi. Lakini namba ibadilishe leo. Usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Simu ikinyamaza nitajua umefanya.

Baba yako

10 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimelia hadi jirani akagonga ukuta.

Kuhusu fundi yule, hukuwa na haja ya kunisimulia. Au ulikuwa nayo. Sijui.

Kesi itasikilizwa tarehe 8 Julai, mahakama iliyo mkabala na ofisi yetu. Wakili wa kampuni anasema huyo mama atapata kifungo cha nje, au miaka michache tu. Mimi nikijitokeza ni vifo viwili na saini za uongo juu yake. Mimi ndiye mlinipeleka shule, Baba, mkauza hata ile baiskeli. Mnataka mje kunitazama kupitia wavu?

Naogopa jambo moja zaidi. Kuna mpelelezi mpya anayeuliza ile namba ni ipi hasa. Akiipiga italia mfukoni mwako.

Simu itanyamaza. Nakuahidi. Niachie nilimalize kwa njia yangu.

Binti yako

22 Juni

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele, na leo nazitoa kwa moyo mweupe. Sisi ni wazima kabisa. Mama yako ameniona nikirudia sahani akauliza tumbo limepona lini. Nikamwambia limepona tarehe kumi na tatu.

Maana tangu siku hiyo simu haijatetemeka hata mara moja. Siku ya kwanza sikuamini, niliiweka mezani nikaikodolea macho kama paka kwenye tundu la panya. Siku tisa sasa. Kwa hiyo mtunza dawa wa sasa anazipata, na friji likipata joto kuna mtu atakayekimbia. Nilitoka nje nikakaa kizingitini nikalia kidogo, uzee huo.

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, kali, nimeichana. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe hatukukulea vibaya. Jina lako limeandikwa kwenye mfumo wenu na saa yake, ulijua litaandikwa na bado ukabadilisha. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Lililobaki ni la mdomo, na ukitaka nikusindikize siku ya kulisema, nitakuja.

Daftari bado ninalo. Nimelitia kwenye mfuko wa nailoni lisiingie unyevu.

Baba yako anayejivunia wewe

5 Julai

Mwanangu,

Salamu. Mama yako anaumwa tangu juzi, nilipomweleza yote. Mimi nipo.

Jumatano nilikwenda kwa wakala wa simu. Nilitaka kumwonyesha jirani saa kwenye kioo cha simu, nikaona pale juu pameandikwa hakuna mtandao. Yule binti wa dukani alichomoa laini, akaipangusa, akairudisha, akabofya kwenye kompyuta yake. Akaniandikia kwenye karatasi kwa sababu sisikii. Karatasi ninayo hapa: "Laini imefungwa tarehe 13 Juni. Imeombwa na mwenye nayo." Na jina ni lako.

Nilimwomba aandike tena. Akaandika vilevile.

Kwa hiyo hukubadilisha kitu. Orodha ni ileile, namba ni ileile, na wewe umeifunga laini. Nimekaa nayo siku tatu sijui nikuite nani. Nilipokuwa nazipata nilikuwa mzee kiziwi asiyeweza kumwambia mtu, lakini angalau nilizisoma. Sasa umeme ukikatika pale saa nane mchana meseji inakwenda wapi? Nijibu hilo tu. Inakwenda kwa nani?

Nimeuliza stendi. Basi la tarehe saba linafika huko jioni, nitalala kwenye viti vya abiria. Nina daftari, meseji arobaini na moja za kabla ya kukamatwa yule mama, tarehe, saa na nyuzi, kwa mwandiko wangu. Baada ya hapo zimo nyingine kumi na moja, na hizo za mwisho bado ziko ndani ya simu. Nina karatasi ya wakala. Nina barua zako zote. Ile ya Mei nimeisoma tena nikatamani niiache nyumbani, nikaitia pamoja na nyingine.

Nitakaponyanyuka kusema, nitasema kweli yote, na ndani ya kweli hiyo umo wewe. Nimemlea mtoto mmoja tu maishani, na nakwenda kumtaja mbele ya hakimu. Sijawahi kubeba kitu kizito namna hii, hata gunia.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, akuletee mkononi, uipate kabla yangu. Una siku mbili. Siku mbili zinatosha kubadilisha namba moja, na zinatosha kutangulia kusema kabla sijasema mimi.

Nitakaa benchi la mbele. Ukinikuta pale usipite kama hunijui. Njoo ukae kushoto kwangu, upande wa sikio linalosikia, uwe unaniambia wanachosema.

Baba yako