Mashine Haina Mkwe

Ikungi, 3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mgori na mavuno ya alizeti? Sisi wazima, mwanao Gerald anakusalimu. Nimekupigia mpaka simu imepata moto, hupatikani, ndiyo maana nampa konda barua hii.

Mama, nimeharibu. Juzi Baba na mdogo wake walipokuja kwangu maabara kupima figo, mashine ilitaka majina. Haipimi mpaka uijazie jina kwa vile vitufe vyake, kitufe kimoja herufi tatu, unabonyeza hadi kidole kinakufa ganzi. Sasa mimi mkamwana wenu nitaandikaje jina la baba mkwe, wakati hata kulitamka ni mwiko? Wa kwanza nikamwandika BABA. Wa pili naye ni mkwe, nikataka kuandika BABA MDOGO, kitufe cha M kikagoma. Nikamwacha BABA. Kioo kikaniuliza kitu, mwanga wake umefifia kama koroboi, nikabonyeza kijani yaishe. Kumbe kiliuliza kama ni mtu yuleyule!

Kimewaunganisha. BABA ana majibu mawili, moja zuri, jingine baya sana. Umeme ulikatika katikati na saa ya mashine ikarudi mwanzo, kwa hiyo hata lililotangulia silijui. Damu tulishateketeza. Mmoja wao figo zinashindwa kazi, Mama, na sijui ni nani. Warudi wote wawili, haraka.

Mkamwana wako,
Lea

Mgori, 8 Juni 2024

Mwanangu Lea,

Marahaba. Mimi mzima, kama hawa wazee wataniacha niwe mzima.

Nimewasomea barua. Kila mmoja anasema mgonjwa ni mwenzake! Baba Gerald anasema mdogo wake amevimba uso, kila mtu anaona. Mdogo wake anasema huo ni unene wa kushiba. Kurudi hawataki, eti wao si ng'ombe wa kukamuliwa kila siku. Nimewapunguzia chumvi wote, sasa wananinunia kwenye sahani moja.

Na wewe nawe! Heshima ni nzuri, lakini ulishindwa hata kuandika Mrefu na Mfupi?

Mama yako

Ikungi, 14 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mrefu ina M, Mfupi ina M, na M ndiyo iliyogoma! Jana fundi amekuja, amesafisha vitufe, sasa inabonyezeka. Imetengemaa wakati hakuna wa kumwandika.

Siwabembelezi tena. Daktari anasema mwenye majibu yale asipoanza matibabu mapema hatufiki naye mbali. Waambie hivyo hivyo, usiwapunguzie. Nimechoka, Mama. Kila basi la huko likifika natoka nje kuangalia wanaoshuka.

Mkamwana wako,
Lea

Mgori, 2 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo? Wajukuu wanaendeleaje? Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa nagombana.

Leo asubuhi Baba Gerald alikaa kizingitini kuvaa viatu, mguu ukakataa kuingia. Akajaribu, akajaribu, akakiweka kiatu chini. Mdogo wake akaingia ndani, akamletea kandambili zake mwenyewe. Hakuna aliyemtania mwenzake.

Wanakuja kesho na basi la kwanza. Baba anasema safari hii umwandike jina lake lote. Nami nakuruhusu. Hiyo mashine haina mkwe.

Mama yako

Singida, 4 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Walifika salama, wakibishana nani atangulie.

Mkono wangu ulikataa. Nilisimama mbele ya vitufe kama mjinga. Baba akaja upande wangu, akaniambia nisogee, akabonyeza mwenyewe herufi moja moja, huku akilalamika, eti Z wameificha wapi. Kioo kilipouliza, safari hii nilisoma neno kwa neno.

Ni yeye, Mama. Ni Mazengo. Jina lake nimelitaja kwa daktari, nikalitaja kwa dereva wa gari la wagonjwa, na sasa nalitaja kwako. Tumemleta Singida mjini usiku huohuo na ameanza matibabu. Daktari anasema tumechelewa, ila hajakata tamaa. Mdogo wake ni mzima kabisa, na tangu aambiwe hivyo hajala.

Njoo, na umletee blanketi lake. Anauliza mbona siingii wodini kumsalimu, nami niko hapa mlangoni najikaza nisilie mbele yake.

Mwanao,
Lea