Gesti ya Kulala Kabla ya Meli

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Ujiji tu wazima, na mama yako mdogo kajifungua salama. Umeuliza ulale wapi kabla ya kupanda meli. Lala gesti yoyote karibu na bandari, hata godoro likiwa gumu. Ila usilale kwangu.

Nilipokuwa msichana nilitaka kwenda Kasanga kwa meli, nikalala kwa shangazi yangu, kijijini Katonga. Asubuhi akasema, "Huondoki na njaa," akabandika maji ya ugali, akaanza kuparua samaki, migebuka. Honi ya meli ililia nikiwa na tonge mkononi.

Nilimlaumu miaka mingi. Uzeeni ndipo nimeelewa: shangazi aliijua saa ya meli vizuri kabisa.

Kwangu njoo ukirudi. Ukija kabla, na mimi nitabandika maji.

Bibi yako