Maji ya Kutotolea

Mdogo wangu kipenzi,

Pokea salamu zangu za upendo. Kichefuchefu kimepungua? Huku tu wazima, Mungu ashukuriwe.

Kazini kwetu vifaranga wa samaki wanaanguliwa wamepinda mgongo, wengine hawana macho. Bosi akanitania, "Mama Sala, umewaombea nini hawa?" Nikadhani ni sabuni ninayonawia mikono; nikaiacha, bado wakatoka vilevile. Nikaweka mayai mengine kwenye maji ya mvua. Hao wametoka wazima, wanachezacheza. Kumbe ni maji ya mto, tangu kiwanda cha rangi kifunguliwe kule juu. Ndiyo hayohayo ya bomba la nyumbani.

Usije kulea mimba kwangu. Mke wa mwanangu naye ni mjamzito, ameyanywa tangu mwanzo, na sijapata mdomo wa kumwambia. Unayo nafasi nimlete kwako? Nijibu upesi.

Dada yako