Siku Niliyokununia

Baba Rayyan, mume wangu,

Huna anwani tena, ila nakuandikia. Miezi minane imepita tangu tukuzike, na kuna jambo sijakwambia.

Ulikuwa humpiti mtu bila salamu. Kutoka kwetu Madungu hadi sokoni ni mwendo mfupi, lakini ulirudi samaki wameshalegea, maana kila baraza ulisimama kuuliza hali za watu na za mbuzi wao. Nilikuwa nikikucheka, nawe ukinijibu, "Salamu si nzigo, mama Rayyan."

Msimu wa karafuu mabega yakakuuma. Ukanywa vidonge vya maumivu, ukaongeza vya mafua, na jirani akakupa vyake vya mgongo. Hatukujua kwamba vyote vina dawa ileile, parasetamoli, na kwamba kwa siku nne ulikuwa ukiimeza kupita kiasi. Ukatapika, ukakataa chakula. Tukasema ni uchovu wa kupanda mikarafuu.

Ijumaa baba yangu akaja kukutazama. Akakutolea salamu. Ukamkodolea macho mkweo, kisha ukaniambia, "Ntoe ntu huyu ndani mwangu."

Baba akainuka. "Haidhuru, mwanangu. Nwache apumzike."

Niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nikakununia mpaka kesho yake. Uji nilikuwekea mlangoni. Sikukutazama usoni, kwa hiyo sikuona macho yalivyokuwa manjano.

Jumamosi hiyo tulipokufikisha hospitali, daktari alinieleza taratibu. Ini likifeli ghafla, sumu hupanda kichwani, na mtu mpole huweza kutukana watu au kutowatambua. Hapo ni pa kukimbilia hospitali, si pa kugombana. Dawa ya kuliokoa ini ipo, lakini inataka kuwahiwa. Nikauliza, "Ningemleta jana?" Akasema, "Huenda." Wakajiandaa kukusafirisha Unguja, hukufika.

Sasa nawaambia wenzangu wasome jina la dawa kwenye paketi, wasichanganye ovyo, na mgonjwa akibadilika tabia wasingoje. Nawaambia bila kulia. Baba naye nilimweleza. Hana kinyongo, anakuombea dua.

Lililobaki ni langu. Ini lilikufa kwa kutojua kwetu, na asiyejua halaumiwi. Lakini Ijumaa ile, baada ya alasiri, uliniita mara mbili kwa jina langu, kwa sauti yako ya siku zote. Nilikusikia, mume wangu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza.

Unisamehe. Mola akupe kauli thabiti.

Mkeo,
mama Rayyan