Mbwa Wangu Anaitwa Mwenyewe Anajua

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimepata samansi. Nimeshtakiwa — kwa jina la mbwa! Mlalamikaji ni Baba Irene, jirani tunayegawana naye mpaka wa minyaa. Kosa: lugha ya kuudhi. Karani wa mahakama ya mwanzo alinipa karatasi huku anajing'ata mdomo asicheke.

Niandike yote nisije nikajidanganya. Machi nilishuka Kamsamba kufuata mchele wa kuuza. Kurudi, minyaa imehama! Imeingia kwangu. Guta la mizigo halipiti tena, magunia yanabebwa na vibarua toka barabarani. Nikamuuliza Baba Irene. Akasema minyaa ni miti, inakua. Inakua kwenda pembeni! Serikali ya mtaa nao: shahidi yuko wapi? Sikugombana na mtu. Nilitafuta mtoto wa mbwa, nikampa jina Mwenyewe Anajua. Namwita asubuhi na jioni, kwa sauti ya kwaya. Wateja wa Zambia wanaomba nimwite tena. Awe, mama! — ndiyo hapana yao hiyo, ya mshangao. Wanacheka mpaka wanasahau kubishania bei.

Jumatano, 5 Juni
Baba Irene alishamshtaki Jonasi, jirani mwingine, kwa sababu jogoo wake anawika yeye akisali. Alishamshtaki kinyozi kwa kumnyoa akaonekana mzee. Zote zilifutwa, na zote alirudi kifua mbele. Yeye hapotezi kitu. Anayepoteza ni aliyefunga biashara kwenda kujibu upuuzi. Sheria ningeishika mimi, mwenye kesi kama hizo angedeki mahakama, choo kwanza, huku wenye shida za kweli wanasikilizwa.

Tumaini, mwanangu, anasema: Mama, si umwite Simba tu yaishe? Thubutu.

Alhamisi, 13 Juni
Siku yangu!

Baba Irene kaja na suti ya kanisani. Hakimu ni mama mmoja mpole, miwani puani. Akamuuliza, umejuaje kama jina linakusema wewe?

— Mtaa mzima unajua, mheshimiwa.

— Sijauliza mtaa. Mwenyewe ni wewe?

— Ndiyo, ni mimi.

— Haya. Unajua nini?

Suti nzima ikatoa jasho, na Tunduma Juni hii meno yanagongana kwa baridi! Akaomba maji. Swali hilo nimelisubiri tangu Machi. Nikacheka. Hakimu akanigeukia: na wewe mama, hapa si kilabuni. Nikameza.

Kaahirisha mpaka Jumanne. Baba Irene aje na jibu, na kesi ikionekana ya upuuzi atanifidia siku zangu.

Kitu kimoja kimeniharibia utamu. Kwenye benchi alikuwepo binti anaitwa Fausta, katoka Msangano na mtoto mgongoni, anadai matunzo. Muda ukaisha, naye kaambiwa arudi siku nyingine. Akaniambia bila hasira: Mama, mbwa wako ana bahati, amesikilizwa.

Nilimpa nauli. Haikutosha, namaanisha haikunitosha mimi kutuliza moyo.

Ijumaa, 14 Juni
Mama Irene kaja, kitenge kakibana kwapani.

— Mama Tumaini, mwenzio hali chakula. Anataka kuifuta kesi.

— Aifute? Sitaki! Aje ajibu. Swali lenyewe moja tu, dada.

— Jamani, si ujirani huu?

— Ujirani umeng'olewa ukapandwa kwangu.

Akanywa chai yote, akaondoka. Mlangoni akasema polepole kwamba jembe la kwao limetolewa stoo. Hakusema la nini.

Jumamosi, 15 Juni
Alfajiri. Naandikia kitandani, na blanketi mabegani. Kuna jembe linachimba kwenye minyaa. Mbwa habweki — wameshazoeana. Anarudisha au anaongeza? Kwa sauti huwezi kujua, udongo ni ule ule.

Nimefungua dirisha. Nimemwita mbwa taratibu, jina lote.

Jembe likanyamaza.

Halafu gizani mtu akaitika: Naam.