Kurasa Kumi na Tisa za Pini

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani kwa mama yako.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana leo nina mengi. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Na mikono, bado inachubuka kwa sabuni za kufulia mashuka ya hoteli? Nilikuambia uipake mafuta kabla ya kazi, si baada, lakini wewe kusikia hukuanza leo kukataa.

Mimi ni mzima, nashukuru. Miguu inavimba nikikanyaga cherehani zaidi ya saa mbili, na kutunga uzi kwenye sindano sasa ni kazi ya binti yako Pini. Nimechoka, mwanangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ni ule unaoamka nao.

Usishangae kwamba naandika badala ya kukupigia. Kwenye simu Pini ananiganda begani asipitwe na neno, na haya hayapaswi kumfikia. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la nne, soma polepole.

Wiki iliyopita niliitwa shuleni. Pini amemng'ata mkono msichana wanayekaa naye dawati moja, meno yakahesabika. Nikavaa gauni langu la kijani, nikaenda nimejiandaa kugombana. Mwalimu wake ni msichana tu, bado ana chunusi. Akaniketisha kwenye kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Nikamwambia mjukuu wangu hang'ati bure, aniambie huyo mwenzake alimfanya nini. Hakubishana nami. Akanipa karatasi ya maswali ishirini na mawili: mtoto nyumbani anaishije, anakanywaje, anasifiwaje. Kila swali na visanduku vinne: mara zote, mara nyingi, mara chache, kamwe. Eti tabia ya mtoto inatoka kwenye mambo madogo tunayomfanyia kila siku. Nikamwambia nimelea watano bila visanduku. Akasema, "Basi, bibi, jaza tu ukweli." Hilo neno "ukweli" liliniudhi njia nzima.

Maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa. Nikafanya kosa la kumpa Pini mwenyewe anisomee na atie alama. Tukakaa kwenye meza ya kukatia. Je, unamsifu mtoto akifanya vizuri? Mara zote. Je, unazungumza naye bila kumpigia kelele? Mara zote, nikasema kwa kelele, maana alikuwa ameegemea kitambaa cha mteja. Je, unacheza na mtoto sakafuni? Mara zote. Uongo mtupu, nikishuka sakafuni nani ataniinua? Yeye anatia alama tu. Tukafika hapa: je, mzazi hutimiza anachomwahidi mtoto? Mara zote, nikasema. Penseli ikasimama.

"Bibi, mzazi ni wewe au ni mama?"

Nikamwambia aandike, anayeuliza ni mwalimu, si yeye. Akatia alama, lakini polepole, kama mtu aliyelazimishwa kutia sahihi.

Siku ya Jumatano nilikuwa nakata kola za sare za shule. Unajua nachorea vipimo kwenye makaratasi makuukuu, yanakaa kwenye boksi chini ya meza. Nikachukua moja, nikaikunja, nikakata, nikaigeuza niandike saizi. Nyuma kuna hesabu za kutoa, na alama ya kukosa, nyekundu. Nikachukua ya pili, nyekundu. Mwanangu, nilitoa kurasa kumi na tisa kwenye boksi lile, zote za daftari la Pini, zote zile alizokosa. Mbili nilishazikata mikono ya blauzi bila hata kuzigeuza. Na siku zote hizo nilikuwa naliona daftari linakonda, nikawa nawatukana wanaotengeneza madaftari.

Sikumpiga. Hilo ulijue. Nilimwita nikamwekea kurasa zake mezani. Akazigeuza moja moja, nyekundu ikatazama chini. Kisha akasema, "Ungeziona ungemwambia mama, na mama asingekuja." Yule mwenzake wa dawati alimwona anachana, akamtisha kwamba atakuja kumsemea kwangu. Ndiyo sababu ya yale meno.

Maneno hayo ameyatoa wapi? Kwangu. Sitaki kujificha nyuma ya uzee. Miaka miwili hii, tangu uniachie akiwa na miaka sita, nikishindwa naye huwa namwambia: endelea tu, mama yako akisikia hivyo hatakuja. Nimelisema asiponawa. Nimelisema akimwaga uji. Nimelisema akipoteza bobini ya cherehani. Lilikuwa linamtuliza kuliko fimbo, ndiyo maana nikalipenda.

Na wewe usikae hapo ukanilaumu peke yangu. Ulimwambia utakuja Desemba, ruhusa ikafutwa. Ukasema Aprili, akakaa dirishani siku nzima na viatu miguuni. Ukasema mwezi wa sita, na ndio huu. Mimi na wewe tumeshona nguo moja bila kuulizana. Wewe unaahidi. Usipokuja, mimi nimeshampa sababu, na sababu ni yeye. Mtoto wa miaka minane anaamini kwamba hesabu za kutoa ndizo zimekuzuia kupanda basi.

Nilimwambia si kweli, bibi alikuwa anasema tu. Akanitazama vile wateja wanavyonitazama nikiwaambia nguo imekwisha, imebaki pasi.

Kwa hiyo iliyobaki ni kazi yako. Usinijibu kwa kulia, nakujua. Barua hii naituma na dereva wa lori, itakufika katikati ya wiki. Ukipiga simu Jumapili ya tarehe 22 kama kawaida yako, mwambie kwa mdomo wako kwamba kinachokuzuia ni kazi, wanaokunyima ruhusa ni watu wazima, na yeye hahusiki. Usimtajie mwezi. Kama hujui utakuja lini, sema hujui. Atanuna, na mimi nitakaa naye akinuna, nimeshakaa na mengi. Lile neno langu nimeliacha. Juzi lilinifika mdomoni mara mbili, nikalimeza na chai.

Karatasi ya kwanza ya maswali nimeichana, sasa kuchana ni ugonjwa wa nyumba hii, nikaenda kwa mwalimu kuomba nyingine. Ananitaka niirudishe Jumatatu inayofuata simu yako. Jana tumeijaza upya, mimi na Pini. Kumsifu, mara chache. Bila kelele, mara chache, na hapo Pini alinionea huruma, nilitaka kusema kamwe. Tulipofika kwenye lile la ahadi hakuniuliza tena mzazi ni nani. Alilisoma, akageuza penseli mkononi, akasema, "Hili tuliache kwanza, bibi." Hakutia alama kwenye kamwe. Kisanduku kilikuwepo, na angeweza.

Kaka yako fundi bomba anakusalimu, mgongo wake umepata nafuu. Shangazi yako naye anakusalimu, bado ana lile gauni lako na hana nia ya kulirudisha. Nisalimie yule dada unayeishi naye chumba kimoja, mwambie namshukuru kwa kukupikia ulipougua. Pini hajakutumia salamu, maana hajui nakuandikia. Amekaa hapa pembeni ananitungia uzi, anadhani naandika vipimo vya mteja.

Mungu akulinde kazini na akupe ujasiri wa kusema ukweli kwenye simu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata nikikugombeza.