Ngozi ya Kasa na Wavu Uliochanika

Baba mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi ile tulipokuta ndovu wamelaza mahindi yote, nawe ukakaa juu ya jiwe bila kusema neno, mimi nilikuwa nawahurumia ndovu. Nilifikiria njaa yao tu.

Sasa salamu. Hamjambo huko Kasigau? Barabara inapitika, au mvua imeikata tena? Mimi ni mzima, ila hapa shuleni Pwani hata chai ina chumvi.

Jumamosi Madam wa Biolojia hutupeleka kwenye maabara wanakotengeneza alama za vinasaba vya kasa. Ni vipande vifupi vya DNA vinavyotofautiana kutoka ukoo hadi ukoo. Kwa hivyo kasa akipatikana popote, inaweza kujulikana ukoo wake hutagia ufuo gani, ili ufuo huo ulindwe. Alama zilizotengenezewa kasa wa mbali hazisomeki vizuri kwa hawa wa huku. Hizi mpya lazima zijaribiwe kwa ngozi ya kasa wa hapa, na kasa wamekuwa adimu.

Jumamosi iliyopita mmoja alinasa kwenye wavu wa Mzee Athumani, mvuvi jirani wa maabara. Alimvuta hadi ufuoni akiwa hai, lakini wavu ulikuwa umechanika katikati. Madam alipotupeleka pale na kuomba kipande cha ngozi, mzee alikataa. Alisema anamrudisha majini sasa hivi, na tusimguse.

"Kasa mtampima, mtampiga picha. Wavu wangu nani ataupima?"

Sijui sauti niliitoa wapi, nikamwambia kwetu ndovu hula shamba zima, kisha watu huja kuulizia hali ya ndovu.

"Na babako huwaambia nini?"

"Hukaa kimya."

Mzee akauliza, "Hao ndovu wenu, mnawakata ngozi pia?" Akacheka peke yake, akasogea kando. "Haya, mtoto wa bara. Kidogo tu."

Nisalimie Mama, na shangazi muuza ndizi pale Voi, na mdogo wangu, asiguse vitabu vyangu.

Karatasi inaisha, nimalizie. Nilishika pezi la nyuma, Madam akakata ngozi kama punje ya mchele na kuitia kwenye spiriti. Mzee akamsukuma kasa majini. Wenzangu walikwenda maabara kuona kama alama zitasomeka. Mimi nilibaki. Nilimuuliza mzee wavu hushonwaje, akanipa upande mmoja niushike, nikaushika mpaka adhuhuri.

Binti yako,
Wakesho